Wanaoingia Hawatoki

Mlinzi wa chumba cha kamera katika jengo lile la ofisi alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, na wenzake walimwita Darubini. Jina hilo alipewa na Mrefu, mlinzi wa mlangoni, ambaye yeye mwenyewe ukisimama naye unaongea na kofia yake. Lilitokana na kisa cha mwizi mmoja aliyeingia jengoni kama tarishi, akatoka na boksi kama tarishi, hata watu wa mapokezi wakamfungulia mlango na kumwambia pole kwa mzigo. Mama huyu akanyanyua redio ya mkononi akasema, "Mshike huyo. Anatembea kama mtu aliyebeba kitu asichojua uzito wake." Ndani ya boksi wakakuta kompyuta mbili za watu. Tangu siku hiyo, hata wakubwa wa juu wakipita mbele ya kamera walikuwa wanarekebisha tai.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Palikuwa na skrini zilizopangwa safu mbili ukutani, feni iliyogeuka huku ikilia kama mgonjwa, na kiti ambacho sponji yake ilikuwa imeshakubali umbo lake, asikae mwingine. Alikipenda chumba kile. Alikuwa akisema kwamba watu wakijua hawaonwi huwa wazuri zaidi kuliko wakijua wanaonwa: wanacheza dansi ndani ya lifti, wanaongea na viatu vyao, wanalia kidogo halafu wanapangusa uso na kuingia mkutanoni wakicheka.

Mambo yalianzia kwenye korido ya ghorofa ya tatu. Korido ile haikuwa na pa kutokea. Mwisho wake palikuwa na choo, stoo ya wafagizi, na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli toka kampuni iliyokuwa humo ihame. Kamera ilitazama kutoka upande wa ngazi, kwa hiyo aliyeingia alipita chini yake akiwa na kisogo, na akitoka alipita chini yake akiwa na uso. Njia nyingine hakuna.

Asubuhi moja akamwona mwanamume mwenye koti la mvua la manjano akiingia humo. Akamtazama kwa kuwa nje hakukuwa na mvua. Mtu yule akaenda mpaka mwisho, akapotelea mlango wa choo. Darubini akasubiri. Chai ikapoa. Yule mtu hakutoka.

"Mrefu," akasema redioni, "kuna mtu kakaa chooni ghorofa ya tatu tangu asubuhi. Hebu nenda kamtazame, asije akawa ameanguka."

Mrefu akapanda ngazi akihema. Kwenye skrini Darubini akamwona akipita chini ya kamera, akisukuma mlango, akirudi na kupunga mkono.

"Hakuna mtu, dada. Hata maji hayajamwagika."

"Stoo?"

"Mafagio matupu. Labda unataka nikamate fagio."

Wakacheka wote wawili. Lakini alipoiweka redio chini, Darubini alijikuta ameshika ukingo wa meza kwa nguvu, kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi.

Baada ya hapo akaingia mwanamke mwenye mwavuli. Naye hakutoka. Siku nyingine wakaingia vijana wawili wa kampuni ya bima, wanataniana, mmoja amemwekea mwenzake mkono begani. Darubini akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Akakodolea macho ule mlango wa choo bila kupepesa, mpaka machozi yakamtoka. Mlango haukufunguka. Alipochoka akatupia jicho skrini ya mapokezi, na hapo akawakuta wale vijana wawili wamesimama wanasaini kitabu cha wageni, mmoja bado kaweka mkono begani kwa mwenziwe.

Kutoka ghorofa ya tatu mpaka mapokezi ni ngazi na lifti, na vyote viwili vina kamera, na kamera zote ziko mbele yake. Walipita wapi?

Hakumwambia mtu. Mtu anayeitwa Darubini hawezi kwenda kumwambia msimamizi kwamba korido inameza watu ghorofa ya tatu na kuwatapika mapokezi. Akakata shauri kwenda mwenyewe.

Alipanda wakati wa chakula cha mchana, wengi wametoka. Korido ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia na vumbi la zulia. Akaipita polepole, akigusa ukuta kwa vidole. Mtungi wa kuzimia moto. Kibao cha kukataza sigara. Kufuli kwenye ule mlango uliofungwa, lina kutu, halijaguswa. Akasukuma mlango wa choo, kitupu, bomba linadondosha tone tone. Akasimama katikati ya korido akasikiliza. Kimya. Hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma.

"Mama, umepoteza nini?"

Sauti ilitoka karibu kabisa na uso wake. Alipiga yowe. Mfagizi, msichana mwenye kilemba cha bluu, alikuwa amesimama mbele yake, umbali wa mkono mmoja, ameshika ndoo. Hakuja. Hakutembea. Alikuwa hayupo, halafu akawapo, kama mtu aliyechomolewa ukutani.

"Umetokea wapi wewe?"

"Mimi? Nilikuwa hapa hapa, mama. Nimekuamkia ukanipita. Nikakuamkia tena." Yule binti akashusha ndoo, akawa na wasiwasi. "Nikajua una mawazo."

Darubini akashuka ngazi akishikilia mkono wa ngazi kama mtoto.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Aliishi na mume wake, fundi wa magari aliyestaafu, mzee wa utani mwingi ambaye bado mikono yake ilinuka grisi hata siku ya kuvaa suti. Watoto walishaoa na kuolewa. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na kwa muda sasa Darubini alikuwa na hisia kwamba nyumba yenyewe imejifunza kuficha vitu. Chumvi ilikuwa ikitoweka mezani, halafu anaambiwa, "Hiyo hapo mbele yako," na kweli, hiyo hapo, katikati ya sahani na kikombe, kana kwamba imerudishwa sasa hivi na mkono usioonekana. Funguo zilipotea kwenye droo aliyoifungua yeye mwenyewe na kuitazama mpaka chini. Barabarani baiskeli ilimtokea ubavuni bila kuanza mbali kama baiskeli nyingine. Ilianzia pale pale, kengele na matusi pamoja.

Asubuhi moja akashindwa kuvumilia.

"Mzee, huu mchezo siupendi."

"Mchezo gani, Mama Watoto?"

"Wa kunifichia vitu na kuvirudisha. Miwani nimeitafuta hapa mezani, haikuwepo. Nimegeuka tu, umeiweka."

Mume akacheka, kisha akaona hacheki mwenzake. "Mimi nimekaa hapa na gazeti langu. Mikono hii hapa."

"Basi nani? Tuko wangapi humu ndani?"

"Sasa unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

Maneno yakawa marefu. Yeye akavuta mkoba akaondoka bila kuaga, na mume akabaki anatikisa gazeti ambalo hakulisoma.

Siku hiyo hiyo, mchana, kikatokea kile ambacho kilimtisha kuliko vyote. Alikuwa amekaa kazini anatazama korido yake. Mlango wa chumba alikuwa ameufunga mwenyewe. Hakusikia kitu isipokuwa feni. Aliposhusha mkono ili achukue kikombe, vidole vyake viligusa kitu cha moto. Akatazama. Pembeni ya kiwiko chake palikuwa na hotipoti. Hotipoti ya kwake, ya nyumbani, ile yenye kifuniko kilichopasuka. Akaifungua: wali bado unafuka mvuke.

Akageuka kuutazama mlango. Umefungwa. Akachungulia chini ya meza. Kitu gani kinaweza kuingia jikoni kwa mtu, kikapakua, kikapita barabara zote hizi na milango yote hii, kikaweka chakula pembeni ya mkono wake bila kuonekana na kamera hata moja? Akakifunika kile chakula, akakipeleka choo cha chini, akakimwaga, akaosha chombo mara kadhaa kwa sabuni ya mikono. Aliporudi nyumbani akakirudisha kabatini bila kusema neno. Mume naye hakusema. Alikuwa amenuna, anatazama ukuta, na usiku alilala ubavu mmoja.

Kesho yake Darubini alikwenda kwa msimamizi wa walinzi. Alikuwa mwanamume wa umri wa watoto wake, mpole, aliyemwita mama hata mbele ya wakubwa. Alimwambia yote kuhusu korido. Alisema kwa sauti ya kazi, kama anayetoa ripoti, lakini mikono ilikuwa inavunja kalamu.

Msimamizi hakucheka. "Mama, rekodi zipo. Twende tukatazame pamoja."

Wakaingia kwenye kile chumba chini ya ngazi, yeye, msimamizi, na Mrefu ambaye hakuitwa ila alijileta. Msimamizi akazima skrini zote akaacha moja, akatafuta ile asubuhi ya koti la manjano, akaicheza.

"Huyo anaingia," akasema Darubini. "Anaingia chooni. Sasa tazameni. Hatoki."

Wakatazama. Darubini alikuwa amekodolea ule mlango wa choo.

"Mama," msimamizi akasema taratibu, "ameshatoka."

"Wapi?"

"Anapita hivi sasa. Amesimama chini ya kamera, anafunga kamba za kiatu."

"Hakuna mtu hapo."

Msimamizi akarudisha nyuma, akaweka kidole juu ya kioo. Darubini akakiona kile kidole. Akaona kucha, akaona alama ya wino kwenye kucha. Alikitazama kidole mpaka ghafla, pembeni yake, manjano ikajaa. Koti lote. Mtu mzima mzima, ameinama, kipara kinang'aa, anachukua nafasi karibu nusu ya skrini.

Alirudi nyuma akagonga kiti. "Hiyo mmeiongeza."

"Nani aiongeze, dada?" Mrefu akasema. Utani ulikuwa umemwisha. "Mimi nimemwona toka anatoka mlangoni."

Msimamizi akajikuna shingo. Kisha akasema, "Kuna nyingine, mama. Kamera ya humu ndani. Nilipita rekodi zake jana jioni kwa sababu nyingine kabisa, nikaona kitu sikukielewa. Sikutaka kukuuliza."

Humo chumbani, juu ya mlango, palikuwa na kamera ndogo. Darubini alijua ipo, lakini miaka yote hakuwahi kujitazama. Sasa akajiona kwa nyuma: kofia, mvi zilizochungulia shingoni, mabega yaliyoinama mbele ya skrini. Alijiona ameketi, hasogei. Akajiona hivyo kwa muda mrefu. Ilikuwa kama kumtazama mtu aliyekufa akiwa amekaa.

"Niko peke yangu," akasema.

Wale wawili wakatazamana.

"Mama," msimamizi akasema, "tazama pembeni yako."

"Natazama. Hakuna mtu. Mlango umefungwa, niko peke yangu."

Mrefu ndiye aliyenyoosha mkono. Akagusa kioo kwa kidole, karibu na bega la kushoto la yule mama aliyeketi, na hapo, mahali ambapo palikuwa na ukuta tu, akasimama mume wake.

Alikuwa amevaa shati lile la kutokea, limepigwa pasi. Hotipoti ilikuwa mikononi. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa akiongea, akinyamaza, akiongea tena, akimwinamia mke wake sikioni, na mke wake kwenye kioo hakugeuza hata shingo. Feni ilikuwa ikipeperusha ukosi wa shati lake. Mwisho akaiweka hotipoti mezani, polepole, kama mtu anayeweka maua juu ya kaburi. Akasimama kidogo zaidi. Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Darubini akaomba aoneshwe tena. Akaoneshwa. Mara ya pili pia, mpaka kidole kilipogusa kioo, alikuwa peke yake.

Alirudi nyumbani kabla ya muda. Mume alikuwa uani anasafisha plagi za gari kwa mswaki wa zamani. Darubini akavuta kigoda akaketi mbele yake, karibu, magoti yakagusana.

"Ulikuja kazini jana."

Mume akaendelea kusugua. "Nilikuja."

"Uliniambia nini?"

"Si ulisikia."

"Uliniambia nini, Mzee?"

Akaweka mswaki chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa petroli. "Nilikuomba radhi. Nikasema nimepaza sauti bure. Nikasema miwani yako nitakununulia kamba ya shingoni, isipotee tena. Ukanitazamisha kisogo kama sijazaliwa. Mrefu alinifungulia mlango anacheka, nikatoka nimeshindwa hata kumuaga. Nikajisemea, basi, mwanamke huyu amenifuta."

"Sikukuona."

"Nilikuwa hapa." Akaonyesha kwa mkono, sentimita chache kutoka sikioni mwa mke wake.

"Sikukuona wala sikukusikia. Chakula nilikimwaga, nilidhani kimeletwa na shetani." Ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, kama mtoto. "Rudia. Yale uliyosema. Nitazame usoni urudie."

Akarudia. Alikosea kosea, maneno mengine alikuwa ameshayasahau, lakini alirudia mpaka mwisho.

Hospitali walikwenda pamoja. Mganga wa macho alimpima akasema macho ni mazima kuliko ya baadhi ya vijana. Akawapeleka kwa daktari mwingine, mwanamke mwenye sauti ya chini, ambaye chumba chake kilijaa karatasi na picha. Alimpa karatasi yenye nyota nyingi zilizochanganywa na maumbo mengine, akamwambia aziwekee alama nyota zote. Darubini akafanya kwa uangalifu, akarudisha karatasi.

"Umemaliza zote?"

"Zote."

Mume aliitazama karatasi kwa juu ya bega lake. Upande mmoja nyota zilikuwa zimetapakaa hazijaguswa.

Kisha daktari akamwonyesha picha ya jiko lenye watu. "Unaona nini?"

"Bomba." Akasubiri. "Na mkono wa mtu umeshika sahani."

"Wa nani huo mkono?"

Darubini akamtafuta mwenye mkono. Alitafuta kwa muda mrefu.

Daktari akawaeleza bila haraka. Macho yanaleta kila kitu, alisema, lakini kuna kazi nyingine ya ubongo inayochagua kipi kitazamwe na kuhama kutoka hiki kwenda kile. Kwake kazi hiyo ilikuwa inachoka. Akikazia kitu kimoja, vingine vinakuwa kama havipo, hata kama viko mbele ya pua, na wakati mwingine hata sauti zinaachwa nje. Akasema ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa ubongo, ule ambao watu wanauita ugonjwa wa kusahau.

"Lakini mimi sisahau kitu," Darubini akasema. "Niulize siku yoyote. Niulize alivaa nini nani."

"Naamini. Si kila mtu anaanzia kwenye kusahau. Wewe umeanzia hapa."

"Na nitaishia wapi?"

Daktari alimtazama, hakumdanganya. Alisema zipo dawa za kusaidia, na zipo mbinu, na kwamba mapema ni afadhali kuliko kuchelewa. Mambo mengine alisema hawezi kuyajua.

Kazini walimuaga kwa keki na hotuba ya msimamizi iliyokatika katikati. Mrefu alimkumbatia, kofia ikamdondoka. Kiti chake wakakiacha vilevile. Aliyerithi chumba alikuja na cha kwake.

Nyumbani mume alifanya yote waliyoelekezwa. Aliondoa vitu mezani akaacha vichache, kila kimoja na rangi yake. Alibandika utepe mwekundu kwenye kila ngazi. Alijifunza kusema jina lake kabla hajaingia chumbani, kumshika bega kabla hajaongea, na kamwe asimtokee kwa nyuma. Watoto wakija, walifundishwa vivyo hivyo. Chumvi ikaacha kutoweka. Barabara alivuka akiwa ameshikwa mkono, na alizoea hata kuliko alivyotaka kuzoea.

Ila kujua jina la kitu hakukuondoa kitu. Zamani aliogopa kwamba korido ina kitu kibaya. Sasa hakuwa na korido ya kulaumu. Sasa alijua kwamba chumba kinachoonekana kitupu si lazima kiwe kitupu. Aliwaza kuhusu miaka iliyopita, tangu lini ilianza, ni watu wangapi walisimama pembeni yake wakasema neno la muhimu, wakaondoka wamevunjika moyo. Mwenyewe hakuwa na namna ya kujua. Wasiomwambia, hatawajua.

Kwa hiyo akaanza kusalimu. Alipoingia sebuleni, hata kama mume yuko uani na anamsikia akigonga vyuma, alisimama kwanza mlangoni.

"Kama kuna mtu humu, naomba aseme," alikuwa akisema. "Si kiburi. Macho tu."

Halafu alisubiri, kichwa ameinamisha kidogo, jinsi mtu anavyosubiri kujibiwa mlangoni kwa watu. Alasiri moja mume alipita dirishani akamwona amesimama hivyo. Sebule ilikuwa tupu. Yeye mume aliiona yote, kochi, meza, pazia, mwanga wa jua juu ya sakafu. Hakuna mtu. Alitaka kumwambia hivyo, akafungua mdomo.

Lakini Darubini alikuwa ameshatabasamu, ametikisa kichwa kama aliyesikia kitu, akaenda zake jikoni. Aliporudi alikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja akakiweka mbele yake. Kingine akakiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kochi, taratibu, akakigeuza ili mkono wa kikombe uelekee kule, iwe rahisi kushika.

Mume alibaki pale nje na spana mkononi, akilitazama lile kochi, na hakuingia mpaka chai ilipopoa.